Marumaru ya Mama Mkwe

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, nyumba yenye mlango wa buluu,
kuna kibao cha jiwe jeupe, upana wa sinia mbili,
ambacho mama mkwe husukumia chapati.
"Italia," husema, unga umemfika viwikoni.
"Marehemu alilinunua kwa Mtaliano wa mkonge.
Jiwe la makasri hili."
Mabinti wote watatu waliposwa mbele ya kibao hicho.
Nami, mkwe wa mwisho, niliila hadithi pamoja na chapati.

Ila mimi kazi yangu ni mawe.
Maabara ya machimbo, Pongwe: koti lililokuwa jeupe,
chokaa kwenye nyusi, chokaa kwenye chai.
Siku kona ya kibao ilipomeguka (mtoto, mchi, kelele)
niliokota kipande, ukubwa wa korosho,
nikakitia mfukoni kama mwizi wa harusini.

Tone la asidi: jiwe likachemka, likanong'ona.
Hilo si ushahidi; hata kombe la pwani lingenong'ona vile.
Nikalikata jembamba hadi mwanga ukapita,
nikaona punje kubwa, kama sukari iliyoloa ikagandana.
Nikaligonga, nikalinusa.
Wajuzi wanasema zipo marumaru
zikivunjwa hutoa harufu ya yai viza,
na pua tu hukuonyesha machimbo yake.
Hili lilinuka samli.
Miaka arobaini ya samli.

Usiku nikasoma juu ya Roma.
Kumbe mji ule ulijipamba kwa vya kuazima:
njano yake ilitoka Tunisi,
zambarau ngumu ikatoka jangwa la Misri,
huko ambako mgongo wa mtu ulikwisha kabla ya mwamba;
kijani ikatoka kwa Wagiriki, na nyeupe,
hata nyeupe, mara nyingine ilivuka bahari.
Nguzo ikishasimama haitaji kwao.
Anayetaka kujua humega ukucha wa jiwe,
akapima kaboni, akapima oksijeni,
uzito wa bahari iliyokauka
kabla hajazaliwa mtu wa kuiita bahari.

Nikapeleka kipande Dodoma.
Miezi miwili.
Jibu likaja nusu ukurasa, mhuri umepinda:
halifanani na la Italia. Halifanani na la Ugiriki.
Inaelekea ni la Handeni.

Handeni!
Alikozaliwa yeye, Bi Mwanamvua,
Mzigua aliyeshuka Tanga na sanduku la bati,
akajifunza kuongea kama watu wa mjini
hadi wanawe wakadhani kitovu chake kimezikwa Ngamiani.

Niliikalia karatasi ile juma zima.
Mkwe hamvui nguo mkwewe.
Lakini uso wangu haujui kunyamaza. Idi Mosi akaniuliza,
"Jiwe langu umelimega, ukalipeleka wapi?"
Nikasema yote, kichwa chini,
nikirudia "inaelekea" mara tatu, mara nne,
kana kwamba neno hilo ni mto wa kumwekea aegemee.

Hakujibu.
Akapangusa unga juu ya jiwe kwa kiganja,
taratibu, kama anayempangusa mtoto uso mgeni yuko mlangoni.
Kisha akaliambia kitu kwa Kizigua,
kirefu, chenye kupanda na kushuka.
Mke wangu akageuka na birika mkononi.
Hajawahi kuisikia sauti ile.

Mimi nikabaki na neno: marumaru.
Tumelipata kwa Waarabu, na kabla yao, wasemavyo, Wagiriki.
Neno ndilo lililosafiri kote huko
likaja kubandikwa jiwe lisilotoka hata nje ya mkoa.

Jumapili yake walikuja wachumba wa mjukuu.
Mjomba mmoja, shati la kunyooshwa, akakigusa kibao:
"Jiwe zuri. La wapi hili?"
"Italia," akasema Bi Mwanamvua,
na bila kupepesa
akaniambia nimpitishie samli.