Tiketi ya Arobaini na Moja

Moto ulishuka kilimani usiku wa Jumanne,
ukaruka barabara kama mbuzi aliyeona kabichi za jirani,
ukala mikaratusi, ukala mizinga ya nyuki ya Adérito,
ukala nyumba kumi na moja za upande wa juu,
ukaacha kanisa, kisima, na sanduku la posta
lisilopata barua tangu mwaka juzi.
Gazeti la Lisbon lilituandika mistari miwili
na jina la kijiji likakosewa.

Wiki ya pili tukaitwa ukumbi wa wazimamoto.
"Kila mtu alete alichotengeneza kwa mkono wake,"
alisema Hermínia, mwenye funguo na daftari.
"Bahati nasibu, yuro mbili tiketi,
fedha yote ya vigae na misumari."

Tukaleta.
Vikapu. Mitungi. Njiwa wa gome la mti.
Mzee Belmiro alileta kigoda cha miguu mitatu
akakikalia mwenyewe mchana kutwa: "Nakijaribu."
Mtoto mmoja alileta mchoro wa nyumba yao,
moshi ukitoka dohani,
nasi tukatazamana, hakuna aliyeuliza ni moshi gani.

Mimi nilileta shuka la kitanda.
Kitani, limetariziwa kwa hariri, miaka sita,
ndege wawili na mkomamanga kati yao.
Nilimtarizia Graciete wangu
kwa arusi ambayo haikufika.
Hakufa. Alighairi tu.
Yuko Lyon, ana paka na kazi ya kudumu;
aliniambia kwa simu, "Mama,
vitanda vya siku hizi havibebi shuka zito."

Kutoa ni moyo, walinena wa kale.
Hawakunena huo moyo
hulala na nini usiku.

Likatundikwa kati ya bomba la maji na picha ya kikosi.
Chini ya taa ile nyeupe likawa kubwa kuliko nilivyolijua.
Watu wakaligusa. Nilitaka kusema, naweni mikono.
Nikaliona kosa langu, jani la pembeni:
uzi wa kijani uliniishia mwezi wa msiba wa mume wangu,
nikaendelea na kijani kingine.

Ndipo mkono ukaingia mfukoni.
Nikanunua tiketi tano.
Hermínia aliniangalia juu ya miwani.
Nikazunguka, nikarudi, nikanunua kumi.
Nikamtuma mjukuu wa jirani
achukue tisa, kama zake.
Yuro arobaini na nane, fedha ya dawa ya presha,
kukimbiza nilichokwisha kukitoa bure.

Ikaitwa arobaini na moja.
Nilikuwa na arobaini. Nilikuwa na arobaini na mbili.

Akasimama Custódio, mchunga mbuzi,
anayelala darasani juu ya godoro la msaada;
tiketi alinunuliwa, hata hajui na nani.
Alilipokea kwa viwiko, viganja vikiwa vyeusi bado,
akaniuliza, "Hili hufuliwaje?"
"Maji baridi. Anika kivulini.
Usipitishe pasi juu ya ndege."
"Sina pasi," akasema. Akafikiri.
"Sina kitanda."
Akacheka yeye kwanza, ndipo ukumbi ukathubutu.
Mimi nilicheka mwisho, na vibaya.

Novemba, mvua za kwanza, nilipita upande wa juu.
Amepewa kibanda cha mabati, mlango haujaja.
Mlangoni limening'inia shuka langu.
Amelitundika nyuma mbele:
ndege wanatazama ndani, anakolala,
na sisi wapita njia tumeachiwa mafundo,
nyuzi zilizovukana, kijani na kijani kingine.

Nilisimama na mkate wangu kwapani
nikiyasoma mafundo kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe.
Nilitaka kubisha.
Shuka halibishiki.

Na mbuzi mmoja, mdogo, mwenye kengele,
alikuwa ameshaanza pindo.