Herufi H

Salha ndiye aliyempa jina: Iliki,
kwa macho yake ya kijani kilichokauka,
rangi ya punje ninazoponda Jumapili kwa ajili ya chai.
Bibi yake, kwenye simu kutoka Pangani, akasikia vibaya.
"Hiliki? Mnamwita mtoto wa paka Hiliki?
Mwiteni Nyau, mwiteni Pamba, mwiteni lolote,
msimwite maangamizi."
Tulicheka. Herufi moja tu, mama. Pumzi moja.

Hiyo ilikuwa kabla ya Jumanne,
kabla ya Daktari Angharad kudondosha damu
kwenye kidubwasha cheupe mfano wa kipimo cha mimba.
Tukasubiri dakika kumi, mvua ya Swansea
ikiparuza kioo kana kwamba nayo ina miadi.
Mstari wa kwanza ulikuja mweusi, umenyooka.
Wa pili ulikuja kama haya ya mgeni:
upo, haupo,
ukiinamisha kichwa, upo.

"Huenda ni lukemia ya paka," akasema.
"Huenda mwili unapigana nayo, na utashinda.
Tumpime tena baada ya wiki sita."
Na kizazi je? Sisi tulikuja kumfunga kizazi.
Akavua miwani. Hapo nikajua hana jibu, ana huruma.
Kisu, alisema, huuchosha mwili,
na mwili uliochoka humfungulia mlango aliyelala nje.
Lakini kutaka dume nako huchosha,
na akibeba mimba, watoto watanyonya ugonjwa pamoja na maziwa.
Ana miezi mitano. Siku yoyote sasa.

Siku yoyote. Nikalikumbuka lile shume la Bwana Gethin,
sikio moja na nusu, linavyokaa juu ya ukuta wa nyuma
kama mdai anayejua mshahara unatoka lini.
Nikirudi alfajiri kutoka kufua shuka za hospitali
napita dirisha kwa dirisha. Kitasa. Kitasa.
Cha bafuni kimelegea; nakibana kwa kijiko.

"Tukingoja wiki sita," Salha anauliza,
"tutakuwa tunampenda au tunaogopa?"
Ana miaka kumi na mmoja. Maswali yake hayapakwi sukari.
Namwambia, haraka haraka haina baraka.
Ananiambia, ngoja ngoja huumiza matumbo.
Nani kamfundisha? Mimi.
Methali zetu zimekaa mezani uso kwa uso
kama mawakili wawili waliolipwa na mtu mmoja.

Sikumwambia kwamba nami niliwahi kushika kalamu hivi,
ghorofa ya nne, hospitali ileile ninayoifulia.
Kwangu hakukuwa na wiki sita.
Yeye alikuwa na miaka mitatu,
akichora jua mgongoni mwa karatasi ya maelezo.
Jua lile lilikuwa na miguu.

Iliki hajui. Amelala ndani ya kofia yangu ya sufu,
anakoroma kama birika linaloanza kupata moto.
Nampima kwenye mizani ya unga:
kilo mbili kasoro gramu thelathini.
Juzi ilikuwa kasoro hamsini. Naandika.

Nimeamua, au nimechoka kutoamua:
wiki sita, kipimo asubuhi, kisu siku hiyohiyo,
mstari uwepo usiwepo,
mradi anakula, mradi uzito haushuki.
Akianza kulia usiku kabla ya hapo, na alie;
majirani nitawapelekea maandazi.
Zahanati wamesema Alhamisi, tarehe kumi na tisa,
asile chochote kuanzia saa sita za usiku.
Salha ameizungushia tarehe duara, kisha akalifuta,
kisha akalichora tena kwa penseli.

Bibi kapiga jana.
"Na yule paka wenu… yule… hajambo?"
Nikamsikia akivuta pumzi, akaizuia,
halafu, taratibu, kama mtu anayeruka dimbwi na viatu vipya:
"Iliki."