Taa ya Leida

Mkebe wa dagaa, umeoshwa mara tatu, bado unanuka.
Ndani yake Leida amepanga betri nne
alizozichomoa kwenye keekee ya Urmas,
akaziunga kwa risasi ya kulehemu, miwani puani,
waya mwekundu kwa mweusi. La!
Fyuzi ikaungua. Akatukana. Akaanza upya.

Saa kumi alfajiri, barabara ya Võru, barafu tupu.
Malori ya magogo hayamjui mtu.
Anabonyeza swichi:
theluji yaonekana ikianguka, chembe kwa chembe,
na kando ya lami, shimo lile
lililomwangusha Urmas asiinuke tena.

Anafunga breki. Analimulika.
"Kumbe u mdogo hivi."

Kisha pedali, mnyororo, mlima,
unga unamngoja kuumuliwa,
na glavu zake zanuka dagaa.