Bomba la Kahawa

Baba alilinunua mwaka uleule kahawa ilipong'olewa,
bomba la mgongoni, la zamani lilikuwa likivuja.
Halikuonja mrututu hata siku moja.
Likakaa darini na lebo yake.

Sasa ninalo mtumbwini, Duluti.
Julai. Mlima umejifunika ukungu mpaka kiunoni.
Kutwa napima kina cha ziwa, usiku nalala humuhumu.

Maji ya moto birika moja, ya ziwani mawili,
naonja kwa kiwiko, kama ya kumwogesha mtoto.
Sisimami: mtumbwi hauna simile kwa anayesimama.
Napiga magoti, kanga nimeitundika kwenye kasia,
napampu mara ishirini,
na manyunyu yananishika shingoni,
mgongo unafuka kama sufuria ya makande.

Povu nalikinga kwenye beseni.
Ziwa hili halina mlango wa kutokea.

Ng'ambo, Elifuraha anapaza sauti:
"Wee Ndeshi! Unaua wadudu gani huko?"

Sijibu. Meno yametulia, sitaki kuyaamsha.

Pulizia chini ya jani, Baba alikuwa akisema,
ndiko ugonjwa unakolala.
Nageuza ncha:
kwapani,
nyuma ya goti,
nyuma ya sikio.