Zamu ya Chumvi

Jumapili hii zamu ya chumvi ni yangu.
Saa moja kasoro, Thunder Bay bado giza,
nyuzi kumi na moja chini ya sifuri,
na ngazi za kanisa zinang'aa
kama meno ya mtu asiyenipenda.
Nina ndoo, nina kopo lililokuwa la kahawa,
namwaga kwa kipimo, kama mama mwenye nyumba
anayejua mwisho wa mwezi uko mbali.

Niseme kweli, maana huku nje hanisikii mtu:
majira matatu ya baridi nimeomba furaha.
Si pesa. Si karatasi za uhamiaji, ingawa hizo pia.
Nimeomba ile ya Rungwe, ya tarumbeta za Wamoravian
alfajiri ya Pasaka, makaburini,
mvua inatunyeshea na hakuna anayekimbia.
Nimeitafuta kwa kufunga, kwa mikesha,
nimeimba nimefumba macho ili nionekane ninayo.
Wakasema, Ndugu Gwakisa, una upako.
Nilikuwa na njaa tu.

Nilidhani furaha ni kama umeme,
upo au umekatika,
na ukikatika unakaa gizani, unamlaumu fundi.

Mwaga. Chumvi inalia juu ya barafu,
tsi, tsi,
kitunguu kimekutana na mafuta.
Nimehubiriwa chumvi tangu utoto
na kila mara ilikuwa ya mboga: ladha, ladha.
Hakuna aliyeniambia kwamba chumvi pia
humwepusha bibi kizee na kuvunjika nyonga.

Na huyo anakuja. Bi Aili Pelkonen,
miaka themanini na sita, Mfini,
mjane wa mpasua mbao.
Hutangulia wote ili abandike kahawa.
Ananipa mkono. Ngazi ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu sijaifikia na kopo langu.

Akateleza. Nikamdaka. Nami nikateleza.
Tukashuka kwa makalio, taratibu, kwa heshima,
ngazi baada ya ngazi, kama maofisa wanaoshushwa vyeo,
hadi kwenye theluji laini,
na ndoo ikatufuata
ikatumwagia yote iliyobaki.

Kimya.
Nikamtazama: kofia upande, chumvi kwenye nyusi.
Moyoni nikasema, basi, nimemuua mzee wa watu.
Akapangusa mdomo, akasema:
"Sasa hatutaoza."

Kikaja kicheko.
Hakikubisha hodi, hakikuuliza kama nimefunga,
kilianzia tumboni, chini kabisa,
mahali ambapo sala zangu hazijawahi kufika,
kikapanda kikinitikisa mabega,
na Bi Aili naye anacheka, kashika ubavu,
machozi yanamgandia mashavuni,
tunajaribu kuinuka, tunaketi tena.

Mke wangu anaitwa Tusekile.
Kwetu maana yake ni tumecheka, tumefurahi.
Yuko Tukuyu. Miaka mitatu nalitaja jina lake kwenye simu
kama mtu anayesoma namba za mita.
Leo, nimelala chali mbele ya nyumba ya Mungu,
chumvi masikioni, anga linaanza kupauka juu ya ziwa,
nikalisikia lilivyo.

Sitaapa kwamba ni ile niliyoiomba.
Huenda ni kicheko tu, na Mchungaji Lorna
atanieleza tofauti kwa upole wake.
Karatasi hazijaja. Kiuno kinauma.
Lakini kuna Mmoja aliyekuwa anacheka pamoja nasi,
wa tatu, ambaye hakuanguka,
na sikuhitaji kufumba macho.

Nikamwinua Bi Aili, nikampitisha mlango wa pembeni.
Hakuwasha taa. Akabandika kahawa kwanza.

Nami nikarudi nje, nikapiga magoti kwenye theluji,
nikaanza kuchota chumvi kwa viganja,
punje kwa punje, nairudisha ndooni.
Ngazi ya tatu inanisubiri.