Kwa Hiari

Mtihani wa Profesa Kalenga una swali moja tu,
ubaoni, kwa chaki iliyolowa:
Ukweli ni wa nani?
Saa tatu. Kurasa mtakavyo.
Mvua inapiga bati la ukumbi,
walioketi nyuma hawakusikia maelezo,
wameanza kuandika hivyo hivyo.

Nimesoma. Naapa nimesoma.
Nilikodi nakala za Ngoie, franka mia tano kwa usiku,
fotokopi iliyokatwa pembeni
hata nusu ya maneno yanaishia hewani.
"Unafsi ni", kisha ukingo wa karatasi.
"Anayechagua hawezi", kisha ukingo.
Kilichokosekana nikakijaza mwenyewe.
Labda ndilo somo lenyewe.

Naweza kusema upo ukweli wa kupima
na upo ukweli wa kuishi.
Huo wa kupima naujua, ndio unaonilipia chuo:
asubuhi nasaga mawe maabara, barabara ya Kipushi.
Jiwe la kijani linatiwa asidi,
mashine inasema: shaba, asilimia tatu nukta mbili.
Mchimbaji anaapa ni saba. Mnunuzi anacheka, ni moja.
Mashine haimwonei mtu.
Wala haijawahi kurudi Katuba na gunia tupu.

Mfano mzuri. Kalamu imeukataa.
Imeniletea papa.

Nilikuwa na miaka minane.
Mishahara ya kampuni tulikuwa tumeacha kuihesabu.
Wakaleta meza, wakaleta foleni,
wakaleta karatasi, na juu yake:
Kuondoka kwa hiari.
Papa, Mwilambwe, fundi wa tanuru miaka ishirini na sita,
akasoma mara mbili. Akaomba kalamu.
Akatia sahihi kwa mwandiko wa shule ya mapadri,
herufi ya mwisho na mkia mrefu,
kana kwamba anaandika barua ya posa.

Karatasi ipo. Ina muhuri, ina tarehe.
Hiari yashinda utumwa, walisema wahenga,
ila hawakutuonyesha sura ya hiari
katika nyumba ya watoto saba
na sufuria iliyofunikwa ili majirani wasijue.

Kwa hiyo tulisema: walimlazimisha.
Mama alisema. Mashangazi walisema.
Mimi nilisema kuwashinda wote
siku nilipopata maneno ya chuo.
Mpaka jioni moja, umeme umekatika,
bukari imeanza kupoa,
papa akarudisha tonge sahanini.

"Musininyang'anye na ile," akasema.
"Mukono ilikuwa yangu.
Kabemba alikatala, mulimuona?
Miye nilisinye.
Kama haiko miye njo nilisinye,
ni nani ule alikosa usingizi?"

Hakuna aliyejibu. Mama alitafuta kiberiti
kilichokuwa mkononi mwake.

Naandika sasa, Profesa, haraka, mvua inapungua:
"Alichagua."
Neno hili likitoka ofisini, nyuma ya meza ile, ni uongo.
Likitoka kinywani mwa papa, ni kweli.
Herufi hazijabadilika hata moja.
Mashine yangu haina asidi ya kutenga hayo mawili.

Na likitoka kinywani mwangu?
Hapo nimekaa dakika arobaini.
Nikisema alikuwa huru, kampuni inapiga makofi.
Nikisema hakuwa huru, nampokonya mkono wake
na usiku wake aliokesha.
Nimeandika vyote viwili, nimefuta vyote viwili,
nimeacha doa.

Kengele. Ukurasa mmoja na nusu.
Ngoie amejaza minane, ananionea huruma.
Mlangoni msaidizi ananyoosha orodha:
jina, sahihi, umekabidhi mwenyewe.
Foleni inanisukuma, mtu ananikanyaga.
Naomba wanisubiri.
Nasoma mara mbili.