Uzani

Saa kumi alfajiri, Ukonga, tunaanza na ufagio.
Anayefagia maegesho ya ndege haokoti dhahabu:
kokoto, msumari, kizibo cha soda,
chochote ambacho injini ikikimeza
itamkohoza mtu mkubwa angani.

Kisha zulia. Pembe yake moja imeliwa na panya,
tunaikunjia ndani, upande asiotazama mheshimiwa.
Miaka kumi na minne nalitandika,
sijalikanyaga kwa kiatu.

Lakini kazi yangu hasa ni uzani.
Sajenti Sichilima, kalamu sikioni.
Ndege haisomi vyeo.
Inataka kilo, na inataka kujua kilo zimekaa wapi.
Itifaki hawataki nimpandishe mheshimiwa
kwenye mizani ya mizigo kama gunia la mpunga,
basi namkadiria kwa macho akishuka garini:
huyu tisini na tano,
huyu mia na nne, na mkoba,
huyu alikuwa themanini kabla ya uteuzi.
Nakosea kilo mbili, pengine tatu.
Nne, sijawahi.

Machi ile tulimpeleka mgeni Mpanda
(tuseme mgeni, inatosha)
na wasaidizi tisa, na mashada, na katoni za maji
kana kwamba Mpanda hawanywi.
Ngoma, skauti, vumbi, wakaondoka na msafara.
Ndege ilitakiwa Dar jioni hiyohiyo.

Sasa, ndege tupu mkia wake huwa mzito.
Kitabu kinasema: weka uzito mbele.
Kwa hiyo husafiri na mifuko yetu sita,
turubai tuliloshona wenyewe,
kilo ishirini na tano kila mmoja,
mchanga wa Msimbazi tuliouchekecha kwa chandarua.
Niliitoa chini kwenye shehena,
nikaikalisha kwenye viti vya ngozi,
nikaifunga mikanda.

Nilipoinua kichwa, shangazi Nakazwe alikuwa kwenye uzio.
Barua ya rufaa kwenda Muhimbili, bahasha ya kaki.
Arobaini na sita, nikasema moyoni;
macho haya hayana likizo.
Raia hapandi bila kibali,
na kibali husainiwa Dar.
Alijua. Hakuniomba.
Aliinua tu bahasha usawa wa paji,
kama mtu anayejikinga jua.

Kapteni Rwechungura alitazama uzio,
akatazama saa yake.
“Sajenti, uzani uko sawa?”
“Uko sawa, afande.”
Na ulikuwa sawa. Mahesabu ninayo mpaka leo.

Tukaruka juu ya Ugalla, mawingu mazuri.
Mfuko mmoja ulilegea, ukaegemea dirisha,
ungedhani unatafuta kwao.
Nilijikuta nausogeza urudi wima.
Tulipokatisha juu ya mabati ya Kipunguni
taa zilikuwa zimewaka,
na barabara ya Pugu haikuwa imefungwa kwa ajili yetu;
mchanga haufungiwi barabara.
Kwenye fomu, safu ya abiria, nikaandika sifuri,
nikaikoleza.

Shangazi alishuka stendi ya Mbezi siku ya pili yake,
basi lilikufa mara mbili njiani,
miguu imevimba hadi kandambili amezishika mkononi.
Nilimchukua kwa bajaji.
Hakusema lolote mpaka Fire, kwenye taa nyekundu.
“Ile ndege yenu,” akauliza, “ilijaa?”
Alikuwa anatazama mbele.
Kulikuwa na muuza karanga, nikajifanya namwita.
“Ilijaa, shangazi.”
“Eh. Watu wanasafiri siku hizi.”

Pale Muhimbili muuguzi alimvua kitenge cha juu,
akamshika kiwiko, akampandisha kwenye mizani.
Sindano ilicheza, ikatulia.
Arobaini na mbili, muuguzi akasoma kwa sauti,
akaandika.

Nne.